Kinyonga wa pembe tatu: maswali yenu

Barua nyingi safari hii zimemhusu kinyonga wa pembe tatu, mwenyeji wa misitu ya Mlima Kenya, Aberdare na Mlima Meru, ambaye wasomaji wetu wa Ulaya na Marekani humnunua kwa wafugaji.

Anatoka Afrika, kwa hiyo nimemwashia taa ya joto usiku na mchana. Mbona hafumbi mdomo?

Taa ya usiku izime leo hii. Huyu ni mnyama wa nyanda za juu zenye ukungu na usiku wa baridi. Mchana kizimba kiwe na nyuzi 21 hadi 26 za Selsiasi, na tawi moja tu chini ya taa lifike 28. Usiku joto lishuke hadi kati ya 12 na 18. Akipauka na kuachama chini ya taa, joto limemzidi. Akiinua kichwa, akapumua kwa mlio na kutoa ute mdomoni, mapafu yameugua. Mwahishe kwa daktari wa mifugo anayewajua reptilia.

Bakuli la maji halitazami kabisa.

Hatalitazama. Maji yaliyotulia hayatambui. Msituni hulamba matone majanini. Nyunyizia mimea dakika 2 hadi 3, asubuhi kabla ya taa kuwaka na tena jioni. Mchana toboa kopo la plastiki kwa sindano, liweke juu ya wavu, lidondoshe tone moja kila sekunde 2 juu ya jani la fikasi. Kaa mbali utazame: jicho moja litageukia jani linalotikisika, atasita, kisha ataanza kulamba taratibu. Acha majani yakauke kabla ya kunyunyizia tena. Kagua na kinyesi: sehemu nyeupe ikigeuka njano au rangi ya chungwa, hanywi vya kutosha.

Tangi la samaki litafaa?

Hapana, hewa hutuama humo. Tumia kizimba cha wavu, sentimita 60 kwa 60, kimo 120, chenye mimea hai. Kila mmoja akae peke yake.

Nampa poda ya kalsiamu kila mlo, sasa shingo imevimba.

Simamisha poda zote, umwone daktari. Vinyonga wa milimani huathirika upesi vitamini zikizidi, na wenye mapenzi mengi ndio hukosea hapa. Baadaye, kalsiamu isiyo na vitamini D3 iwe vumbi jepesi mara moja au mbili kwa wiki. Multivitamini mara moja au mbili kwa mwezi. Lishe bora ianzie kwa mdudu: nyenje wale sukumawiki na karoti saa 24 kabla, na wasizidi upana wa nafasi kati ya macho ya kinyonga. Mkubwa humtosha 4 au 5, siku moja ale, nyingine apumzike. Taa ya UVB, yaani ya miale ya urujuanimno kama ya jua, ibadilishwe kila miezi 12 hata kama bado inawaka, kwani miale huisha kabla ya mwanga. Ikikosekana, miguu hupinda na taya hulegea.

Niko Nyeri, nimemkuta kwenye ua wangu. Nimfuge?

Mwache hapo hapo. Kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa nchini Kenya, naye yuko kwake tayari. Usipulizie ua dawa ya wadudu, na kabla ya kuupunguza kagua matawi moja moja: jike wa aina hii hatagi mayai, huzaa, na vitoto vyake ni vidogo mno kuonekana kwa haraka.