Rekodi “moja moja” au “moja kwa moja”?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaandika kwa Kiswahili mwongozo wa PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti. Kwenye sura ya hoja (maombi ya data kwa hifadhidata ya MySQL) zisizotumia bafa (hifadhi ya muda kwenye kumbukumbu) nimeandika: “Programu husoma rekodi moja kwa moja kutoka MySQL.” Mwenzangu anasema niandike “moja moja”. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, na katika sura hiyo kosa hili lina madhara kuliko kwingine kote.

“Moja kwa moja” ni bila kupinda wala kusimama njiani, na haibadiliki kwa ngeli. “Moja moja” hugawa idadi, nayo hufuata ngeli: kitabu kimoja kimoja, mstari mmoja mmoja, rekodi moja moja. Ukisema wageni waliingia moja kwa moja, nitaelewa hawakungoja mlangoni. Ukisema waliingia mmoja mmoja, nitaelewa walifuatana.

Sasa mfikirie msomaji wako. Kwa kawaida mysqli, kiungo cha PHP na MySQL, huvuta matokeo yote na kuyajaza kwenye kumbukumbu kabla programu haijagusa rekodi ya kwanza. Jedwali likiwa na mamilioni ya rekodi, kikomo cha kumbukumbu cha MB 128 ambacho PHP huja nacho hupitwa upesi, na programu hukatika. Akiweka kwenye hoja chaguo la MYSQLI_USE_RESULT, linaloacha bafa, rekodi huletwa kadiri programu inavyoziomba.

Matokeo hayo ni kweli huja moja kwa moja, maana hayarundikwi kwanza kwenye bafa. Ndiyo sababu sentensi yako itampita msomaji bila kumshtua, naye atakosa jambo analolihitaji hasa: rekodi zinakuja moja moja. Kwa hiyo hawezi kujua jumla yake mpaka afike mwisho, wala kutuma hoja nyingine kwa muunganisho uleule kabla hajazimaliza au kuyaachilia matokeo. Akijaribu, atapata kosa, na mwongozo wako hautakuwa umemwonya.

Andika hivi: “Programu husoma rekodi moja moja kadiri seva inavyozileta.” “Moja baada ya nyingine” nayo inafaa, hasa unapotaka kukazia mfuatano.

Utakapofika kwenye kusoma kwa mafungu, kanuni ni ileile: rekodi mia mia, rekodi elfu elfu. Mia na elfu hazichukui kiambishi cha ngeli, lakini mbili huchukua, kwa hiyo ni mistari miwili miwili, si mistari mbili mbili.