Nimerejelewa kwa Nisilolisema

Mwaka nilioomba kupanda daraja niwe mhadhiri mwandamizi, nilifungua Google Scholar, tovuti inayoorodhesha makala za watafiti na kuhesabu zimerejelewa, yaani zimetajwa na watafiti wengine, mara ngapi, nikakuta niko watu watatu. Mmoja anatumia jina langu na la baba. Wa pili ameongeza herufi ya babu katikati. Wa tatu ana ubini wa mume, maana makala ile niliituma wiki chache baada ya harusi na bado nilikuwa na raha zangu. Kila mmoja na makala zake mbili tatu, hakuna aliyefika popote.

Kwa hiyo wewe unayeanza utafiti hapa Dodoma, uwe wa ubongo kama mimi au wa zabibu, chagua jina moja kabla ya makala ya kwanza na ubaki nalo. Kisha jisajili ORCID, daftari la mtandaoni la kutambulisha watafiti. Ni bure, unapewa namba ya tarakimu 16 inayokufuata uendako. Kuwaunganisha wale wanawake watatu kulinigharimu jioni za wiki nzima, madirisha yamefungwa na vumbi la Agosti bado linaingia hadi kwenye kibodi.

Halafu utaulizwa kipimo cha h, alichokileta mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: h yako ni idadi ya makala zako ambazo kila moja imerejelewa angalau mara hiyohiyo. Usiogope, ni hesabu ya darasa la nne. Panga makala kuanzia iliyorejelewa mara nyingi zaidi. Zangu za juu zilisimama hivi: 40, 9, 6, 4, 2. Ya nne imefikisha mara nne, ya tano haijafikisha tano, basi h yangu ni 4. Ile ya 40 hata ingekuwa 400, ningebaki palepale.

Hata hivyo ile 40 ilinivimbisha kichwa. Mpaka siku nilipoamua kufungua makala zilizonirejelea, moja baada ya nyingine.

Makala yenyewe inahusu kifafa na vifuko vya tegu wa nguruwe ubongoni, yaani vifuko vyenye tegu mchanga ndani. Niliandika wazi kwamba ukila kitimoto chenye vifuko na hakijaiva, unapata tegu wa tumboni. Vya ubongoni hutokana na kumeza mayai ya tegu, na mayai hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Ndiyo maana asiyeonja nguruwe maisha yake yote anaweza kuugua, kwa maji au mboga au mikono ya mpishi. Sasa nakuta makala inasema, kwa ushahidi wangu mimi, kwamba kula nguruwe kunapeleka vifuko kichwani! Nyingine tatu zinasema hivyohivyo, na zote zimekosea jina langu kwa herufi ileile. Hawakunisoma. Walinakiliana. Na kila mmoja kanihesabia pointi.

Niliwaandikia wote wanne, kwa upole. Mmoja alijibu, akarekebisha. Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi nafungua marejeo mapya, nakushauri ufanye hivyo na wewe. Kujua umerejelewa mara ngapi bila kujua kwa lipi ni sawa na kusikia unatajwa kilabuni ukafurahi.

Majarida ya kitapeli sitayaongelea sana. Barua pepe inayokuita profesa mtukufu na kuahidi kukuchapisha ndani ya siku tano, futa. Niliwahi kuwalipa. Kiasi sikitaji.

Na marejeo yakiwa haba, usianze kujirejelea kila aya, wasomaji wanaona. Kazi nzuri huweza kuchelewa kuonekana. Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway, alianza kutibu kifafa Mahenge, hapa Tanzania, karibu mwaka 1960, akachapisha kuhusu kifafa cha Wapogoro mwaka 1965. Aliwaona huko watoto ambao vichwa vyao huinama-inama kama wanaosinzia. Miongo ilipita, ugonjwa kama huo ukaibuka Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, ndipo watafiti wakarudi kwenye kazi yake.

Mimi nilikutana na kazi yangu mahali nisipoitegemea, kwenye zahanati moja wilayani Kongwa. Bwana afya alikuwa ameunakili mchoro wangu ukutani kwa kalamu nene: nguruwe, choo, mboga, kichwa cha mtu. Nguruwe amemfanya mnene kuliko wangu. Jina langu halipo. Nilipiga picha nikaiweka kwenye maombi yangu. Fomu haikuwa na kisanduku cha kitu kama hicho, nikaibana kwa klipu nyuma ya ukurasa wa mwisho.