Panya wa kawaida naye anang'aa: nitajuaje plaki ya kweli?

SWALI: Nasoma shahada ya uzamili na utafiti wangu ni wa ugonjwa wa Alzheimer. Nina panya wa 5xFAD (waliotiwa jeni za binadamu zinazoleta Alzheimer) wa miezi 12 pamoja na ndugu zao wasio na jeni hizo. Nimekata ubongo uliozamishwa katika nta ya parafini, vipande vya mikromita 5, nikaloweka kwa kingamwili ya 6E10, halafu kingamwili ya pili, inayoshika ile ya kwanza, yenye rangi nyekundu inayong'aa. Hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu) imejaa mwanga, lakini hata panya wa kawaida wanang'aa. Plaki, yaani mabonge ya protini ya amiloidi beta, ni ipi hapo, na nihesabu vipi?

JIBU: Umefanya vyema kuwatazama hao ndugu zao kabla ya kuhesabu, maana wengi huwatazama mwishoni, kazi ikiwa imeshaharibika.

6E10 hushika asidi amino za 1 hadi 16 za amiloidi beta ya binadamu. Amiloidi ya panya inatofautiana nayo hapo hapo, kwenye nafasi ya 5, ya 10 na ya 13. Kwa hiyo katika panya wa kawaida kingamwili hiyo haina cha maana cha kushika, na mwanga unaouona kwake umetoka kwingine.

Mshukiwa wa kwanza ni kingamwili ya pili. 6E10 imetokana na panya, nawe unaitumia juu ya tishu ya panya. Kingamwili ya pili husaka IgG (aina ya kingamwili) ya panya popote ilipo, hata ile iliyobaki ndani ya mishipa ya damu, ndiyo maana mwanga wa aina hii hufuata mishipa kama uzi. Chukua kipande kimoja, usikitie 6E10, kitie ya pili peke yake. Kikiwaka vile vile, jibu unalo. Dawa ni kutumia 6E10 iliyokwisha kuunganishwa na rangi, au kingamwili ya amiloidi iliyotokana na sungura.

Wa pili ni lipofusini, masalia ya mafuta na protini yanayojikusanya ndani ya seli za neva kadiri umri unavyosonga. Kwa panya wa miezi 12 lazima uitarajie. Ni chembe ndogo ndogo zilizosongamana kando ya kiini cha seli. Itazame kwa kichujio chekundu, kisha uhamie kijani: lipofusini itabaki pale pale ikiwaka, plaki yenye rangi nyekundu pekee itafifia. Ukishamaliza kingamwili ya pili, loweka slaidi dakika 10 katika Sudan Black B ya asilimia 0.1 iliyoyeyushwa katika ethanoli ya asilimia 70 na kuchujwa. Baada ya hapo suuza kwa bafa (maji ya chumvi ya maabara) isiyo na sabuni. Triton, sabuni ya maabara, itaiondoa Sudan Black yote.

Sasa angalia ulipoanzia, kwa sababu nadhani tatizo lilianzia huko. Hukutaja asidi fomiki. Formaldehaidi, kemikali ya kuhifadhi tishu, hufunga protini na kuzificha sehemu ambazo kingamwili inazitafuta, na bila kuzifungua plaki hutoka hafifu. Mtu huongeza muda wa kamera kupokea mwanga ili azione, na hapo kila uchafu unapanda pamoja nazo. Ukishaondoa parafini, loweka slaidi katika asidi fomiki ya asilimia 70 kwa dakika 10, ndani ya kabati la kufyonza hewa, glavu mkononi, kisha suuza mara tatu, dakika 5 kila mara.

Hata hapo, katika panya wa 5xFAD utaona seli nzima za neva zikiwaka, hasa tabaka la 5 la gamba la ubongo. Hizo si plaki. 6E10 huishika pia APP, protini mama ya amiloidi, na panya hawa huitengeneza kwa wingi ndani ya nyuroni. Rangi ya Thioflavini S itakusaidia kutenganisha: hushika nyuzi za amiloidi zilizokwisha kujikunja, si APP. Lakini huruka plaki laini zisizo na kiini kigumu, kwa hiyo eneo lake likiwa dogo kuliko la 6E10 usishtuke. Hung'aa kijani, basi rangi nyekundu uliyochagua inafaa.

Kuhesabu: weka muda wa kamera mmoja kwa slaidi zote, na kizingiti, yaani kiwango cha mwanga ambacho juu yake ndipo unahesabu plaki, kipimwe kwa panya wa kawaida. Vipande vya panya mmoja viachane angalau mikromita 100, la sivyo plaki moja kubwa utaihesabu mara mbili. Mwenzako afiche majina ya slaidi. Ukiwa na panya 6 na vipande 5 kwa kila mmoja, idadi ya sampuli kwenye takwimu ni 6, si 30. Majike wa 5xFAD huwa na plaki nyingi kuliko madume, hivyo usilinganishe kundi la majike na kundi lenye madume.