Stempu ya "Uhuru 1961": iache kwenye bahasha yake

SWALI: Habari za kazi, mhariri. Kwenye sanduku la marehemu babu nimekuta barua aliyoandikiwa Nachingwea. Bahasha ina stempu ya senti 30 yenye bendera ya Tanganyika na maneno "Uhuru 1961", na juu yake muhuri wa Lindi wa Machi 1962. Kijana mmoja mtaani anaitaka kwa shilingi elfu tano, ila anasema niiloweke kwanza ibanduke. Nimuuzie?
Msomaji, Lindi mjini

JIBU: Kwanza, usiiloweke. Ikishabanduka, stempu hiyo ni ya kawaida kabisa. Seti yake ilitoka siku ya Uhuru, 9 Desemba 1961, kuanzia senti 5 hadi shilingi 20, na zile za bei ndogo ziliendelea kubandikwa kwenye barua za kila siku. Wakusanyaji wanazo tele. Chenye uzito kwako ni bahasha nzima: muhuri, tarehe na anwani vikiwa pamoja. Ofisi iliyopitisha barua chache imeacha mihuri michache, ndiyo maana kuna watu wanaotafuta Lindi, Mikindani au Newala huku muhuri wa Dar es Salaam wakiupita tu.

Igeuze bahasha. Huenda nyuma kuna muhuri wa kupokelea wa Nachingwea, na hapo thamani yake inapanda.

Kisha ikague mchana karibu na dirisha, si juani. Tumia lenzi ya kukuza mara 10. Anza na muhuri: jina la mji na tarehe vinasomeka? Muhuri uliokaa vizuri, wino haujaifunika picha, ndio unaotakiwa. Ukiwa doa jeusi tu, bei inashuka hata kama stempu ni nzima. Baada ya hapo tazama meno ya ukingo wa stempu, hasa ya kwenye kona. Jino moja lililokatika linapunguza thamani. Angalia mkunjo, rangi iliyopauka, na madoa ya kahawia. Madoa hayo ndiyo adui mkubwa wa pwani yetu: unyevu huleta ukungu, na pini au klipu ya chuma huacha kutu isiyotoka. Usiyasugue.

Kama una nyingine zilizokwisha kubanduliwa, zishike kwa kibano chenye ncha butu na uzielekeze kwenye mwanga. Sehemu inayong'aa kuliko nyingine ni karatasi iliyochunika mgongoni mtu alipoivuta kwa nguvu. Kwa mbele haionekani, ndiyo maana wauzaji wajanja hawapendi ugeuze.

Jihadhari pia na stempu za bei kubwa za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika, mfano ile ya pauni 1 ya mwaka 1948. Nyingi za aina hiyo zilibandikwa kwenye hati za serikali kulipia ushuru, zikachorwa mstari wa kalamu kuonyesha zimetumika. Wapo wanaosafisha wino huo na kugonga muhuri bandia wa posta. Chini ya lenzi, tafuta mabaki ya mstari wa kalamu chini ya muhuri.

Kuhusu bei: katalogi ya Stanley Gibbons, kampuni ya Uingereza inayouza stempu, huonyesha bei ambayo duka linauzia stempu safi, si ile linayonunulia. Hata bei yake ya chini kabisa ni ya kumlipa muuzaji kazi ya kuitafuta na kuifunga. Ukipata nusu, umebahatika. Bahasha iliyosafiri hupimwa kivyake. Piga picha pande zote mbili, waonyeshe wakusanyaji wawili au watatu, ndipo useme bei.

SWALI: Nina stempu za Tanzania za miaka ya 1990, seti kamili, zina muhuri lakini gundi bado ipo mgongoni. Je, ni nadra?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Hapana. Stempu iliyosafirisha barua huacha gundi majini inapobanduliwa. Muhuri safi umekaa kona ileile kwa kila stempu na gundi haijaguswa? Basi zilipigwa muhuri zikiwa bado shiti nzimanzima, yaani karatasi kubwa zenye stempu nyingi, kwa ajili ya kuuziwa wakusanyaji, hazikuwahi kubandikwa kwenye bahasha. Ni nzuri kumwanzishia mtoto daftari. Zitenganishe kwa karatasi kavu, maana kwa joto na unyevu wa Mtwara gundi hiyo itazishikamanisha.