Pembe za babu za inchi 43: zinapimwaje, na futi haioni nini

Mkuu uliyeuliza kuhusu pembe za mbogo alizoacha marehemu babu yako kule Ruangwa, nimekusoma. Unasema umelaza futi ya fundi cherehani kwenye pembe moja, ukafuata mkunjo toka katikati ya paji hadi nchani, ukapata inchi 43. Halafu kuna jamaa kakwambia hiyo ni rekodi, na wapo wazungu wanaotoa tuzo na hela. Nimefanya kazi vitalu vya uwindaji vya Liwale misimu kumi na moja, minne ya kwanza nikiwa mchunaji na iliyobaki nikifuata nyayo. Sasa hivi niko Nachingwea na mikorosho yangu. Nitakujibu kwa ninayoyajua.

Kwanza kabisa, ondoa hiyo picha uliyoiweka. Pembe za mbogo ni nyara za Serikali, na sheria ya wanyamapori ya 2009 haiangalii kama umerithi au umeokota. Kama babu alikuwa na leseni na hati ya umiliki, tafuta hayo makaratasi hata kama yameliwa na mchwa nusu. Kama hakuna, nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya ukiwa na mtu mzima wa familia, ueleze mwenyewe kabla hujaelezewa. Huyo jamaa wa hela usimjibu tena. Wauzaji wengi wa pembe wanaokamatwa wanakamatwa na "mnunuzi".

Sasa kipimo. Inchi 43 zako sizo 43 zao.

Kuna vitabu viwili vya rekodi za pembe na mafuvu vinavyotajwa sana kambini. Cha zamani ni Rowland Ward, ambacho toleo la kwanza lilitoka London mwaka 1892. Kingine ni cha Safari Club International ya Marekani, kilichokuja miaka ya 1970 na kuendelea. Kwa mbogo, Rowland Ward hawafuati mkunjo hata kidogo. Wanapima upana wa nje, toka ukingo wa mkunjo wa kushoto hadi ukingo wa mkunjo wa kulia, kwa mstari ulionyooka. Kuingia kitabuni kwa mbogo wetu huyu wa kusini ni inchi 42, yaani kama sentimita 107. Kambini hatukuwa na vifaa vya maana, kwa hiyo tulikuwa tunaweka fuvu sakafuni, tunasimamisha kreti mbili za soda, moja kila upande, zikibusu pembe bila kuzisukuma, tunahakikisha hazijapinda, kisha tunapima nafasi kati ya kreti na kreti. Fanya hivyo utapata jibu la kweli. Ukisogeza kreti kwa kiatu hata kidogo umeshajidanganya.

Wamarekani wao wanafuata mkunjo kama ulivyofanya wewe, ila toka ncha hadi ncha wakipita juu ya paji, halafu wanajumlisha upana wa lile tako la pembe, kushoto na kulia. Lile tako gumu pale kichwani kambini tunaliita bosi. Jumla ikifika inchi 100 ameingia. Kwa wenye pembe ndefu kama palahala na tandala, Rowland Ward wanaangalia pembe moja iliyo ndefu zaidi, Safari Club wanajumlisha zote mbili pamoja na mzingo wa shinani. Simba na chui wanapimwa fuvu: urefu kujumlisha upana, likishachemshwa na kusafishwa. Simba wa Rowland Ward anaanzia inchi 24.

Kuna tofauti nyingine ambayo mimi naiona kubwa kuliko ya futi. Rowland Ward wanaandika mnyama. Hata pembe iliyookotwa porini inaweza kuingia, wala hawahangaiki sana na nani alivuta risasi. Safari Club wanampa mwindaji: dhahabu, fedha, shaba, na tuzo za kukamilisha orodha, kama ile ya wakubwa watano wa Afrika. Hapo ndipo nilipoona watu wazima wenye hela zao wakigombana na futi kama watoto na gololi.

Nikusimulie moja. Ilikuwa Septemba, upande wa Matandu, nyasi zimeshaungua, mbung'o wanapita hadi kwenye soksi. Tulikuwa na mgeni aliyelipia kuwinda, ambaye kila jioni alifungua daftari lake na kutuonyesha namba. Aliahidi bahshishi nono kwa mbogo wa kuingia kitabuni. Siku ya sita tukakuta madume watatu wamelala kivulini. Kiongozi wetu wa nyayo alikuwa mzee wa Kingindo tuliyemwita Babu, mtu anayeweza kukuambia mnyama kapita kabla au baada ya umande. Babu akanyoosha kidole kwa yule wa kushoto. Pembe zimelika ncha zote mbili, zimebaki butu kama mwiko wa ugali, masikio yamechanika, mgongo hauna nywele. Yule wa katikati alikuwa kijana mzuri wa kupiga picha: pembe pana, ncha zimechongoka, zimepanda juu.

Mwindaji bingwa, yaani yule anayemwongoza mgeni porini, alikuwa na darubini lakini jani la mti lilimziba. Akaniuliza mimi niliyekuwa pembeni: yupi? Mkuu, nilijua. Niliona kabisa katikati ya paji kuna nywele, bosi hazijakutana. Nikasema yule wa katikati, mpana huyo. Nilisema kwa sababu ya bahshishi.

Risasi mbili, akaanguka mita kama sitini. Babu hakuja kupiga picha. Alikaa juu ya kichuguu akikuna tumbaku yake, na nilipopita akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Huyu alikuwa hajaoa."

Ni kweli. Dume la mbogo mpaka bosi ziwe ngumu na kuungana lina miaka saba, nane hivi, na hapo ndipo linaanza kupata nafasi ya kupanda majike. Kabla ya hapo linafukuzwa na wakubwa. Ukimuua mwenye bosi laini umechukua mbegu haijapandwa. Yule mwenye pembe za mwiko alishamaliza kazi yake, amejitenga na kundi, kama si risasi ni simba au kiangazi cha mwaka unaofuata. Lakini ncha zilizolika ni inchi zilizopotea, na futi haijui kwa nini zimepotea. Ukiangalia tu namba, kijana anamshinda mzee kila siku.

Kambini tukaweka kreti: 42 na robo. Soda zikafunguliwa, watu wakaimba. Usiku mimi na mwenzangu tukaweka kichwa kwenye pipa lililokatwa nusu tukachemsha. Pembe ya mbogo mzee unaipokea ikiwa nzito na kavu, unaigonga inalia kama mbao. Ile nilipobonyeza bosi kwa dole gumba iliingia, laini kama muhogo uliolowekwa. Zikaja kunyauka. Wiki tatu baadaye, kabla ya kufungasha, mwindaji bingwa akapima tena: 41 na nusu. Kitabu cha upana hakikumpokea mbogo yule. Kwa mkunjo na bosi aliingia bila shida, na nasikia cheti kiko ukutani kwa yule mgeni. Bahshishi nilipewa. Nilinunua baiskeli, ikaibiwa Liwale mjini mwezi uleule, na hilo sikumwambia Babu.

Kwa hiyo ukisikia watu wanazungumzia uwindaji wa maadili, kwa sisi tuliotembea na nyayo maana yake ni mambo ya kawaida sana: mnyama awe na nafasi ya kukimbia, usimpige ukiwa kwenye gari, usimwache na jeraha, nyama isioze, na awe dume lililozeeka. Kwa simba Serikali ilishaliweka hilo la umri kwenye kanuni toka 2010 hivi, miaka sita na kuendelea, na fuvu na meno vinakaguliwa baadaye. Porini tunaangalia pua: ya kijana ni ya pinki, inazidi kuwa nyeusi kadiri anavyokua, jambo ambalo watafiti wa simba wa Serengeti walilichapisha mwaka 2004. Kwa tembo ni meno yenye uzito usiopungua kilo 20 au urefu wa sentimita 160. Ukiangalia, hivyo navyo ni vipimo, ila vimewekwa ili vijana waachwe. Mbogo hakuwekewa chochote cha namna hiyo enzi zangu, aliachiwa dhamiri ya aliyeulizwa "yupi?"

Wazee wa zamani wa Afrika Mashariki walikuwa na tuzo ya Shaw and Hunter, iliyotolewa na chama cha wawindaji bingwa cha Nairobi. Ilikwenda kwa mwindaji bingwa aliyemwongoza mgeni, si kwa mgeni. Chama kilivunjika mwaka 1977 Kenya ilipofunga uwindaji. Mimi ningependa wangeirudisha, na wakiirudisha wamkumbuke na yule aliyeketi juu ya kichuguu.

Rudi sasa kwa babu yako. Hesabu za haraka kwa kipimo cha Wamarekani: 43 mara mbili, ongeza bosi mbili za kawaida, mnyama wake alikuwa mkubwa kweli, jamaa hakukudanganya kwenye hilo. Upana siwezi kukwambia bila kreti. Ila kabla hujazipeleka kwa afisa wanyamapori, pitisha kidole katikati ya paji, pale pembe mbili zinapokutana. Kama ni pagumu, pana nyufa kama gome la mwembe na hakuna mfereji, babu yako aliwinda kwa kuchagua. Halafu angalia ncha, zimechongoka au zimelika? Nijibu hapahapa, picha usiweke.