Watoto wanataka theluji, mama anaogopa baridi

Dada wa Minneapolis, Marekani, umesema wanao wa miaka 5 na 8 wanalilia theluji nawe unahofia baridi. Watoe tu, dakika 20 hivi, kisha warudi ndani wapate joto.

Anza na kitambaa cheusi cha kudakia chembe za theluji. Kiache nje dakika 15 kipoe. Kikiwa na joto la nyumbani, chembe zitayeyuka kabla hawajaziona. Zikitua, wape lenzi ya kukuzia wahesabu pembe: sita. Wasizipumulie! Halafu jazeni theluji kwenye chupa, muiyeyushe ndani. Watashangaa maji yalivyo machache, maana nyingi ilikuwa hewa.

Soksi ziwe za sufu. Za pamba zikilowa hupoza mguu. Kidole kikifa ganzi na kuwa cheupe au kijivu, usikisugue. Kitie kwenye maji ya uvuguvugu, na hisia isiporudi, hospitali mara moja.