Mwarobaini Niliourekodi Jumamosi Usiku

Wadogo zangu wa meza ya michezo, juzi nilimsikia mmoja wenu akimtambulisha kocha mpya, akamalizia: "wasifu wake mnono". Alifundisha wapi, mwaka gani, aliondokaje? Kimya. Nikazima redio. Halafu nikaiwasha tena, maana huyo kijana nilimfundisha mimi mwenyewe.

Basi tufundishane upya. Nitamtumia Zlatko Krmpotić, yule kocha Mserbia wa klabu ya Yanga ya Tanzania wa 2020, kwa sababu kwake nilikosea karibu kila kinachokoseka.

1. Jina. Linaanza na konsonanti nne mfululizo, na kwao hiyo r ndiyo inayobeba silabi. Sisi tukawa na Krumpotichi, Kirimpotiki, na mmoja wetu akaona isiwe tabu, akamwita "Mzungu" hadi mwisho wa kipindi. Mrekodi mwenyewe akijitaja, sikiliza mara tatu.

2. Waserbia hawafanani. Yanga peke yake ilishapitiwa na Micho, Kondić na Papić. Micho, yaani Milutin Sredojević, ndiye aliyeirudisha Uganda kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON, mwaka 2017, ambako haikukanyaga tangu 1978. Krmpotić hakuhusika hapo hata kwa kupanga koni za mazoezi, lakini siku anatangazwa nusu ya meza yetu ilimpa sifa hiyo. Mzee mmoja akapiga simu: "Huyu ni beki wa Red Star ya Belgrade. Alikuwa kikosi cha Yugoslavia, Kombe la Dunia 1982. Najua hamkuwa mmezaliwa, ila kusoma si mnajua?"

3. Usirekodi sifa ukaenda kulala. Hapa nivumilieni.

Ligi aliianza kwa sare ya 1-1 na Prisons, kisha moja bila, moja bila, moja bila: Mbeya City, Kagera Sugar, Mtibwa Sugar. Mashabiki wakanuna, mpira hauwashibishi. Jumamosi tarehe 3 Oktoba akaipiga Coastal Union 3-0. Nikasema eeh, sasa tanga limeshika upepo. Nilikuwa na makala ya Jumapili asubuhi na nilikuwa hoi. Nikaingia studio usiku, nikarekodi dakika nne, muziki laini chini yake, nikaipa jina "Mwarobaini wa Jangwani", Jangwani ndiko makao ya Yanga. Nikamkabidhi fundi mitambo. Nyumbani simu nikaichomeka chaji sebuleni, nisisumbuliwe.

Usiku uleule klabu ikamtimua. Mechi tano za ligi, hajafungwa hata moja, katoka kushinda tatu bila.

Asubuhi nimekaa na chai na chapati, najisikiliza kwa raha zangu. Mke wangu alikuwa na simu yake mkononi. Akaiangalia, akaniangalia. "Baba Asha, huyu unayemmwagia sifa si wamemfukuza jana?" Sauti yangu redioni ikawa ndiyo kwanza inasema "ujenzi wa timu unahitaji muda". Nikakimbilia sebuleni kupiga studio. Laini inatumika. Nilijua inatumika na akina nani. Makala ikachezwa yote, hadi pale ninapowaomba wana Yanga wawe na subira.

Hakufikisha hata siku arobaini, kwa hiyo ofisini jina langu likawa Mwarobaini. Kiti chake akakikalia Mrundi Cedric Kaze, na mimi nikanyang'anywa makala za makocha msimu mzima. Haki yangu. Wiki nzima kabla ya hapo wasikilizaji walikuwa wananipigia kulalamikia uchezaji, nami nawajibu kwa pointi. Nilisoma msimamo wa ligi, sikusoma vijiwe.

4. Jina la faili libebe tarehe na saa. Piga simu moja klabuni kabla ya kwenda hewani. Simu ilale karibu na sikio.

5. Hifadhi makosa yako. Ile makala bado ninayo, na kila anayeanza kazi kwenye meza yetu humsikilizisha siku ya kwanza. Wengi hucheka dakika ya pili, pale ninaposema kwa sauti nzito, bila haraka: "Huyu, wapenzi wasikilizaji, tutakaa naye sana." Fundi mitambo aliyeicheza asubuhi ile haruhusiwi kuwa chumbani wakati huo. Yeye huanza kucheka dakika ya kwanza.